Stika Juu ya Taa Nyekundu

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi ya Emmaculate ilikuwa kulipangusa gari la baba yake, na kila asubuhi aliifanya huku amebetua midomo. Gari lilikuwa kuukuu kuliko yeye, na pale Kegonga wenzake darasani walilipa jina la Mkebe. Wiki iliyopita baba yake, Mzee Gisiri, aliwapa lifti wasichana watatu wa darasa lake. Taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri ikaanza kumetameta kwenye dashibodi, nao wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kesho yake Emmaculate akabandika stika kubwa ya kanisa juu ya taa ile, ikafunika pia mshale wa kipimo cha joto la injini. Baba alipoiona, alimsifu kwa uchaji wake. Emmaculate alimdharau kwa kuamini upesi hivyo.

Sasa walikuwa safarini kwenda Homa Bay. Nyanya Nyarangi, mama yake baba, alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho. Madaktari wageni walikuwa wakimaliza upasuaji siku hiyo. Asipowahi, angerudi nyumbani kipofu na kusubiri mpaka waje tena, na hakuna aliyejua ni lini. Migori walipita salama, Rongo vilevile. Walipokaribia Rodi Kopany, mvuke ukafoka chini ya boneti na gari likazima. Baba alipojaribu kuliwasha, stata ilikoroma mara moja tu ikanyamaza.

Wataalamu wa barabarani wakakusanyika upesi, kama kawaida yao, bila hata spana. Mmoja aliapa kwamba ni plagi. Mwingine alilaumu petroli. Wa tatu, ambaye gari lake pekee lilikuwa wilibaro, alitaka kufungua boneti na kifuniko cha rejeta papo hapo, na baba akamzuia, maana maji yanayochemka ndani yangemchoma uso. Kisha baba naye akakuna kichwa, akakiri kwamba haelewi. Dashibodi haikumwonyesha tatizo lolote.

Emmaculate aliwadharau wote, kuanzia mwenye wilibaro hadi baba yake. Halafu akageuka akamwona nyanya kiti cha nyuma, amekaa wima katika gauni lake la kanisani, akiuliza kwa upole kama jua limeshapita utosini. Moyo ulimwuma. Katika kundi lile lote la wajinga, hakuna aliyemzidi yeye.

"Baba," alisema, "taa ya betri ilikuwa inawaka tangu wiki jana. Niliifunika kwa sababu wasichana walicheka."

Baba akafungua boneti na kuinama kando ya injini. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Akamweleza kwamba mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, na ndio unaofanya betri ipate chaji. Ulipolegea, betri ilianza kuisha. Ulipokatika, injini ikachemka.

Mwendesha boda boda alitumwa Rodi kuleta mkanda mpya. Injini ilipopoa, baba aliufunga na kujaza maji. Betri haikuwa na nguvu, kwa hiyo wataalamu wakapata kazi iliyowafaa: kusukuma. Emmaculate alisukuma nao, viatu vimejaa vumbi, hadi injini ikashika. Walifika hospitalini wauguzi wakianza kukusanya vifaa, nyanya akapokelewa wa mwisho.

Kesho yake bandeji ilipoondolewa, nyanya alitoka nje, akalitazama gari kutoka mbele hadi nyuma.

"Limechakaa kweli," alisema. "Hata mimi nisingejivunia. Lakini sikiza, mjukuu wangu. Mimi nilizibwa jicho na uzee, sikuuomba. Wewe ulimziba baba yako macho kwa mkono wako, ili wasichana watatu wasikucheke. Ukiona hatari, sema. Anayetaka kucheka, acha acheke."

Emmaculate alifungua mlango wa gari na kunyoosha mkono amshike. Nyanya aliusukuma kando, akaangalia mahali pa kukanyaga, akapanda mwenyewe.