Saa ya Cephas Iliyokataa Kusimama

Haya hayakumpata rafiki ya rafiki. Yalimpata baba yangu mdogo Joash, fundi wa saa hapa Homa Bay, na mimi nilikuwa nimekaa kwa stuli ya pili nikiona. Stori za uchawi huwa nazicheka. Nina degree ya statistics na miaka minne ya "we regret to inform you", kwa hivyo mtu akinisimulia muujiza namuuliza sample size. Hapa sikuuliza kitu.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida kabisa. Tulikula samaki na kuon, ugali wetu, kwa mama mdogo Edith, redio ikiimba za kanisa, na Cephas, mtoto wao wa pekee, akafunga begi arudi kwenye migodi ya Macalder. Cephas alisoma geology. Second upper. Kazi aliyopata ni ya kuteremka shimo la dhahabu na sururu. Nchi hii inakusomesha ili ujue kwa Kiingereza jina la jiwe litakalokuangukia.

Kabla hajatoka akavua saa yake akampa babake.

"Baba, niwekee. Huko chini vumbi litaimaliza."

"Utairudia lini?"

"Ijumaa ya wiki kesho. Na usimwazime huyu jobless."

"Jobless ni wewe," nikamwambia, "mimi niko between opportunities." Alicheka hadi kwa geti. Hicho kicheko ndicho cha mwisho nilicho nacho.

Joash akaifungia saa kwa droo ya benchi yake.

Sasa niwaambie kuhusu hiyo saa. Kampuni siitaji, wana mawakili wengi kuliko kuku zetu. Jua tu ni nyumba ya Uswisi iliyokuwa ikitengeneza saa kabla babu ya babu yangu hajazaliwa, na hata leo kila saa wanayouza ina namba yake kwa daftari lao kubwa. Joash alifanyia wakala wao kazi Nairobi miaka mingi. Wakampeleka kwao miezi sita, wakamfundisha, akarudi mtu mwingine. Nimemwona akikaa siku nzima na kijiti cha mti, aking'arisha ukingo wa kipande kidogo kuliko punje ya wimbi. Kipande ambacho kitafunikwa. Nilimuuliza nani atakiona.

"Hakuna," akasema. "Ndiyo maana hapo siwezi kudanganya."

Na walikuwa na desturi moja. Kila fundi anayefungua saa yao huchora kwa sindano, ndani ya kifuniko cha nyuma, alama yake na tarehe. Hii ya Cephas walimzawadia Joash alipostaafu, naye akampa kijana siku ya graduation. Ndani ilikuwa na alama nne za Wazungu waliokufa zamani, na tatu za Joash.

Haina betri. Ndani kuna chuma kizito chenye umbo la nusu mwezi. Mkono wako ukisogea, kinazunguka, kinakaza springi. Ukiivua inatembea siku mbili hivi, halafu inasimama. Inaishi kwa mkono wa mtu.

Jumatano shimo likaanguka. Saba walitoka. Cephas hakutoka.

Tulishinda Macalder siku tatu tukitazama watu wakichimba na majembe, eti mashine iko njiani. Jumamosi tukarudi Homa Bay kutafuta pesa na nguo safi. Joash akafungua droo achukue miwani.

Saa ilikuwa inatembea.

Alikaa chini polepole. "Gordon," akaniita. "Uliigusa?"

"Ufunguo si uko na wewe, Baba?"

Akainamisha sikio. Mimi pia. Ndani ya ile saa, iliyolala bila mtu kuigusa, kile chuma kilikuwa kinazunguka. Krrr. Kimya. Krrr. Kimya. Kama mkono unaoinuka, unapiga, unainuka tena.

"Anachimba," Joash akanong'ona.

Nilijaribu kuwa msomi. Nilifunga droo mwenyewe, nikaweka ufunguo mfukoni siku mbili, nikalala nao. Jumatatu nikafungua. Ilikuwa inatembea. Haikuwa imepoteza hata dakika. Saa saba mchana ikanyamaza kidogo, chuma kikatulia, kisha kikaanza tena.

"Anapumzika," mama mdogo akasema. Na akatabasamu. Tangu Jumatano nilikuwa sijaona meno yake.

Tukaibeba hadi Macalder. Mayaka, mwenyekiti wa wachimbaji, alikuwa mtu mzuri aliyechoka.

"Mzee wangu, pole sana. Lakini siwezi kuingiza vijana wa watu huko kwa sababu ya saa."

"Haina betri, Mayaka. Sikiliza."

"Kila saa iko na betri, mzee."

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Mayaka aliweka sikio, akasikia, nikaona uso wake ukibadilika. Akairudisha haraka na kupangusa mkono kwa suruali. Ofisa mmoja wa jaketi ya kung'aa akatueleza kuwa operation imetoka rescue imeingia recovery. Kiingereza kinajua kuzika mtu bila kushika jembe.

Wazee wa ukoo wakaleta habari ya yago. Kwetu mwili ukikosekana, tunazika tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, ili marehemu apate kwao na asisumbue walio hai. Mama mdogo akasimama mlangoni.

"Simziki mtu ambaye yuko kazini."

Wakamwambia Joash amtulize mke wake. Joash akawaonyesha saa. Waliondoka bila kumaliza chai.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Asubuhi mama mdogo anakuja dukani, anasikiliza, anasema "ameamka", anaenda sokoni. Jioni anarudi. Siku ya kumi. Ya kumi na tano. Joash aliandika barua tano kwa ofisi tano. Hakuna aliyejibu. Hilo silo la kutisha, hilo ni Kenya.

Siku ya ishirini saa ikaanza kuchelewa. Dakika mbili. Kesho yake, tisa. Krrr ikawa nyembamba. Kimya kikawa kirefu. Mama mdogo alikuwa anakaa na sikio hapo mpaka shingo inakauka.

Hapa ndipo nilipofungua mdomo wangu mrefu.

"Ni mafuta, Baba. Umeniambia mwenyewe, miaka mitano ikipita mafuta yanakauka. Ifungue, uipake."

"Naogopa, wuoda, mwanangu."

"Unaogopa nini? Si wewe ndiye fundi?"

Hilo neno nitazeeka nalo.

Siku ya ishirini na mbili, Alhamisi, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limejaa dukani, nje mtu anauza nyanya kwa spika. Joash akaosha mikono. Akavaa lenzi ya jichoni. Akafungua kifuniko, akakilaza pembeni.

Tukaona.

Kile chuma kilipanda peke yake. Kikaning'inia juu. Kikaanguka. Kikatetemeka. Kikaanza kupanda tena, taratibu, kama mtu aliyechoka sana. Mama mdogo alishika ukingo wa benchi.

"Ceph," akasema chini chini. "Jikaze."

Chuma kikapanda haraka kidogo.

Naapa. Kilimsikia.

Sasa sikia hili. Huko Uswisi kitu cha kwanza walichomfundisha Joash, kabla hata ya kushika bisibisi, ni kwamba huwezi kugusa chochote ndani ya saa kabla hujalegeza springi. Nguvu yote itoke kwanza. Alifanya hivyo miaka thelathini. Mara elfu ngapi. Machozi yalikuwa yamejaa kwenye lenzi, haoni vizuri. Mkono haukungoja kichwa.

Kibano kikabonyeza.

Zzzzz. Springi ikalegea yote.

Chuma kikaanguka. Gurudumu, lile linalopiga tiki-tiki, likatulia.

Muuza nyanya akapita.

"Wuon Cephas," mama mdogo akamwambia mumewe. "Mbona simsikii?"

Joash akashika kitufe cha kujazia, akazungusha. Springi ikakaza. Gurudumu halikusogea. Akazungusha tena. Akaitoa yote, kipande kimoja kimoja, akasafisha, akapaka mafuta, akarudisha. Akarudia. Jua likahama kutoka benchi hadi ukutani. Hakuna kilichovunjika. Hakuna kilicholegea. Saa ilikuwa nzima kabisa na haikutembea.

Mwisho, kabla ya kufunga, mkono wake ule ule ukachukua sindano. Ukachora kwenye kifuniko J.O. na tarehe. Alipomaliza ndipo akaona amefanya nini. Aliisoma kwa sauti, mara mbili, kama mtu anayesomewa hukumu.

Jumamosi tukazika yago. Mama mdogo hakukataa. Alilivika shati la Cephas mwenyewe, akafunga vifungo vyote.

Jumatatu Mayaka akapiga simu. Vijana wake walikuwa wanafuata mshipa wa dhahabu kwenye shimo la jirani, ukuta ukapasuka. Upande wa pili kulikuwa na njia nyembamba, mtu anatambaa tu, mita kumi na moja. Imechimbwa kwa sururu hadi mpini ukavunjika, halafu kwa vidole. Ilikuwa imenyooka hadi kwa shimo lao, haikupinda popote. Kule chini gizani, kijana wetu alijua kabisa walipo. Second upper.

"Kilibaki kiasi gani?" nikamuuliza Mayaka tulipofika Macalder.

Alinionyesha kwa mikono. Unene wa tofali.

"Tungepiga mara mbili tu tungemfikia," akasema, "Alhamisi tulikuwa hapo hapo, tukahamia upande mwingine." Akakaa chini kwenye mchanga akafunika uso.

Mochari, daktari alikuwa kijana wa rika letu. Aliuliza shimo lilianguka lini. Tukamwambia. Akaangalia karatasi yake, akauliza tena.

"Huyu hajafikisha wiki," akasema. "Ni siku nne hivi." Tarehe aliyoandika ilikuwa ile ya kwenye kifuniko. Joash hakuuliza ni saa ngapi.

"Na saa yake, nani aliichukua?" daktari akauliza. "Niliambiwa hakuletwa na kitu, lakini lazima niandike."

"Hakuwa na saa," nikasema. "Iko Homa Bay. Imekuwa Homa Bay."

Hakubishana. Alifunua tu mkono wa kushoto.

Matope hadi kwapani, yamekauka kama simenti. Kucha hakuna. Lakini kwa kifundo, pete ya ngozi safi, upana wa vidole viwili, imebonyea kwa mkanda. Juu yake, duara la saa.

Joash akaweka vidole vyake pale. Akashtuka, akavitoa, akavirudisha. Kisha akashika mkono wangu akauweka pia.

Cephas alikuwa ametoka kwenye friji. Mkono wote ulikuwa barafu.

Lile duara lilikuwa na joto.