Bawa la Kushoto

"Vilipuzi vimo ndani ya ndege mojawapo," Mkuu alisema kwenye simu. "Vitoe bila kelele. Hata kaka yako asijue."

Simu ikakatika.

Sindano alitazama saa. Tatu kasoro dakika kumi na nne.

Uwanjani zilipangwa ndege ndogo sita aina ya Cessna, zimechorwa njiwa mabawani, tayari kupeleka salamu za urafiki nchi tisa. Msafara wa amani haupekuliwi forodhani, na wauza silaha walilijua hilo. Mzigo ukinaswa upande wa pili, atakayenyongwa ni kiongozi wa msafara.

Kiongozi huyo alikuwa kaka yake, tumbo moja. Yeye alimjua Sindano kama karani wa posta, si jasusi.

Sindano alivaa ovaroli ya wajaza mafuta, bastola ya Glock kiunoni, akasogea. Marubani walikuwa wakikagua. Kila mmoja aliinama chini ya bawa la kulia, akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki, akayaangalia kama yana maji, kisha akahamia bawa la kushoto. Asiyefanya hivyo anacheza na roho yake.

Rubani wa ndege ya nne alikagua la kulia tu.

Ndiye rafiki mkubwa wa kaka yake, mtu wa meno meupe na maneno matamu. Sindano alimchukia papo hapo.

"La kushoto umelisahau."

"Dada, achana na yasiyokuhusu."

Mkono wa rubani ukazama ndani ya koti.

Sindano alimwahi. Goti tumboni, kiwiko shingoni. Jamaa akalala chini ya bawa, kimya.

Alifungua kifuniko cha tangi la kushoto. Hakukuwa na mafuta. Vilipuzi vilipangwa humo kama miche ya sabuni. Akafunga upesi, akainua redio.

"Rubani wa nne kazirai. Leteni gari la wagonjwa."

Kaka yake alifika mbio, akamwona rafiki yake chini, akamtambua dada yake.

"Wewe? Umemfanya nini?"

"Huyu hasafiri. Ruka na waliobaki."

"Miaka mitatu naandaa safari hii! Niambie sababu."

Sindano alisimama kati yake na bawa la kushoto. Ilimuuma, lakini amri ilikuwa amri.

"Basi usikanyage kwangu tena."

Saa tatu kamili ndege tano zilipaa. Ya kaka yake ilitangulia, ikapita juu ya kichwa cha Sindano bila kumtikisia bawa kumuaga.

Kaka yu hai, anamchukia.

Watu wa Mkuu walipoikokota ndege ya nne bandani, Sindano alivua ovaroli, akaelekea getini bila haraka.