Jina la Mama Vagheni Lililofupishwa

Ndugu zangu wa Butembo na Beni, sikilizeni yaliyompata Lusenge, mchapaji wa Bulengera.

Asubuhi ile moyo wake ulikuwa umetulia. Umeme ulikuwepo, chai ilikuwa moto, naye alikuwa akipanga kurasa za kitabu cha mwalimu Kabongo juu ya malaria ya watoto wa Kamango. Kila utafiti uliotajwa humo ulikuwa na majina matatu: Kabongo, Vagheni na Kasika. Vagheni, muuguzi, alikuwa jirani wa Lusenge. Ndiye aliyetembea nyumba kwa nyumba kwenye matope, akiwapima watoto.

Kabongo akaingia.

“Papa Lusenge, majina inajaza page sana. Acha ya kwanza tu, halafu ‘na wenzake’. Hata kwa liste ya mwisho, ile ya tafiti zote.”

“Mais, lakini mwalimu, Mama Vagheni...”

“Kitabu ni ya nani?”

Lusenge akavuta kibodi. Akabadilisha mpangilio mmoja tu wa majina kwenye kompyuta, na Vagheni akatoweka katika kurasa mia mbili. Msomaji wangu, kuna dhambi isiyochukua hata dakika moja.

Baada ya miezi miwili Mama Vagheni alienda Beni kuomba kazi ya kusimamia wauguzi. Wakubwa wa kule wakafungua kitabu cha Kabongo, wakatafuta jina lake. “Mama, jina yako haiko humu.” Kazi akapewa mwingine, na binti yake Josée akabaki nyumbani mwaka mzima bila masomo kwa kukosa karo.

Aliporudi, vumbi la barabara likiwa bado mwilini, alipitia kwa Lusenge.

“Papa, ni machine ilikosea?”

“Ndiyo, Mama. Ni machine.”

Akamshukuru. Shukrani ile ndiyo iliyomchoma Lusenge. Chakula kikamshinda. Jumapili, kanisani, wakati wa kupeana amani, aliinamisha kichwa asikutane na mkono wa Mama Vagheni.

Siku ya nane akaenda kwake, akamkuta akichambua maharagwe.

“Mama, machine haikukosea. Ni miye nilikata jina yako. Na nilijua.”

Mama Vagheni akaweka ungo chini. “Utasema hivyo kule Beni?”

“Mbele ya kila mutu.”

Wakaenda, Lusenge amebeba kurasa zilizochapwa upya, majina yote matatu yakionekana. Wakubwa walimsikiliza, wakayaandika. Lakini nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Kabongo naye, kwa hasira, akapeleka kazi zake kwa mchapaji mwingine. Mpaka leo Mama Vagheni humsalimia Lusenge njiani, ila kwake haketi.

FUNZO

Kabla hujafupisha jina la mtu, muulize mwenye jina. Anayenyamaza jasho la mwenzake likifutwa, naye amelifuta. Na ukikosa, ungama mapema, kwa maana toba iliyochelewa husafisha roho, lakini mlango uliofungwa haiufungui.