Kisanduku cha Mzee Taratibu

Haya yalimpata jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuguzi wa wodi ya wanaume, mwanamke asiye na muda wa kuamini kitu kisichoandikwa kwenye faili la mgonjwa. Mumewe ni fundi wa jenereta ya hospitali hiyohiyo. Tulimwita Kipaza, maana miaka kumi na mitano kando ya injini ilimzoesha kupayuka. Akimnong'oneza mkewe mambo ya chumbani, sisi majirani tulisikia na kutoa maoni.

Alhamisi ile ilianza vizuri tu. Jua kali, umeme upo, jenereta imelala. Saa nne asubuhi Kipaza alimpigia mkewe simu, na kilichomshtua muuguzi ni sauti. Ilikuwa ndogo.

"Bosi," alisema, kama alivyozoea kumwita. "Njoo na saa yako."

Chumba cha jenereta kiko nyuma ya jengo la kufulia. Ukutani kuna kisanduku cha kulinda mwendo, chenye namba mbili nyekundu. Ya juu huonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya chini ndiyo kikomo: elfu moja mia sita na hamsini. Injini ikifika hapo, kisanduku hulia tak, kikakata mafuta, ikazima kabla haijapasuka. Injini ikiwa imezimwa, namba ya juu husoma sifuri.

Siku hiyo injini ilikuwa baridi kama sufuria ya jana. Namba ya juu ilisoma tisini na mbili.

Muuguzi alisema ni waya mbovu, aitwe fundi, kisha akakumbuka fundi ndiye huyo. Kipaza hakucheka. Alinyoosha mkono. Mkewe akaweka vidole, akatazama saa, akahesabu dakika nzima. Tisini na mbili. Alipoinua macho, namba ilikuwa imefika mia na moja, na mshipa chini ya vidole vyake nao ulikuwa umeongeza mbio.

Kikomo kilisoma mia na arobaini.

Hapo ndipo Kipaza alipomweleza. Miezi mitano nyuma, kisanduku kilikuwa kikizima injini bila sababu, naye kachoka kukimbia kuiwasha. Akakifunga kwa kipande cha waya kisiweze kukata tena. Asubuhi iliyofuata zamu ilikuwa ya Mzee Taratibu, aliyemfundisha kazi, mzee mwenye vidole vinne mkono wa kushoto. Cha tano kiliondoka na mkanda wa feni ujanani. Kila akiingia aliipiga injini ubavuni kwa kiganja cha mkono huo, mara tatu, akiiambia, "Taratibu, mama." Siku hiyo injini ilishikwa na wazimu. Hakuna kilichokata. Feni ikapasuka, kipande kikampata mzee kifuani. Wakubwa walipouliza ule waya wa nani, Kipaza, na sauti yake yote ile, alisema ni wa marehemu. Mjane akaambiwa mumewe alijiua kwa uzembe.

Alivyosimulia, namba ilipanda. Mia na ishirini. Mia thelathini na moja. Muuguzi akamziba mdomo.

"Ikigusa kikomo?" alinong'ona.

"Inakata."

Walikifungua kisanduku kutoka ukutani, wakaweka kipya. Cha zamani wakakifungia kwenye kabati la zana, bila waya hata mmoja. Kikaendelea kusoma. Ijumaa kikomo kilikuwa mia ishirini na nane. Jumamosi, mia na kumi na saba. Kipaza alitembea kama amebeba trei ya mayai kichwani. Hakupayuka. Majirani tulilala vizuri siku mbili, tukadhani anaumwa koo.

Jumamosi mchana alimwambia mkewe kwamba anakwenda kwa mjane, akaseme ukweli kabla kikomo hakijashuka kikamkuta kitandani. Muuguzi alibaki mbele ya kabati, sare yake nyeupe, funguo mkononi.

Namba ilikaa themanini na nane muda mrefu. Akajua yuko njiani.

Tisini na tisa. Yuko mlangoni.

Mia na sita. Anabisha.

Mia na kumi na tatu. Anasema.

Mia na kumi na sita.

Ikaganda hapo.

Mia na kumi na saba.

Tak.

Sifuri.

Kikomo kikarudi elfu moja mia sita na hamsini, kama siku zote.

Alipiga simu. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena, tena. Robo saa baadaye mlango ulifunguka, akaingia Kipaza, mzima, mtulivu, akitembea polepole. Hakumwita Bosi. Aliweka kiganja cha kushoto begani kwake, akampiga mara tatu.

"Taratibu, mama," alisema.

Mjane alithibitisha baadaye kwamba mgeni wake alisema yote, akaomba msamaha, akaanguka kizingitini, akainuka mwenyewe. Mjane alimshukuru kwa upole wa sauti yake. Jina la mzee likasafishwa.

Ile sare ninayo mimi. Muuguzi alitaka kuichoma, nikaiomba. Imefuliwa mara saba na doa la oili begani halitoki. Ni kiganja cha kushoto. Kina vidole vinne. Kipaza anavyo vitano, nimevihesabu, nikijifanya namsalimia.

Na muuguzi bado anapima mapigo ya wodi nzima kila asubuhi. Ya mumewe, tangu Jumamosi ile, hajathubutu.