Paa la Milango Saba

Kila asubuhi kabla ya shule, mwanafunzi aliyepewa jina la utani Penseli alifagia karakana ya shangazi yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Aliokota mabaki ya chuma na kuyatia koponi, kisha akaketi juu ya mlango kunywa chai. Mlango huo haukufungua wala kufunga chochote. Ulilazwa juu ya matofali manne ukawa benchi, na katikati yake ilikuwapo alama ya X nyekundu, kubwa kama mtoto aliyenyoosha mikono na miguu.

Mtaa mzima ulikuwa na milango ya namna hiyo. Barabara mpya ilipopita, nyumba zilizopigwa X zilivunjwa, na kila familia ikabeba mlango wake, kwa sababu mlango ndio peke yake uliokuwa wa mbao za maana; mengine yote yalikuwa udongo na subira. Wakahamia vyumba vya kupanga ambavyo milango ile haikuenea. Ikabaki imeegemea kuta nyuma ya vitanda, kama wageni waliokosa pa kulala.

Shule nayo haikupona. Miti kumi na mmoja ya uwanjani ilikatwa, ikaahidiwa mingine. Iliyopatikana ni ile iliyochorwa kwenye bango la barabara, mibichi mwaka mzima, na haijawahi kuangusha jani hata moja. Watoto wa darasa la kwanza, waliosoma zamu ya mchana, walingoja zamu yao juani. Jumatatu moja mdogo wake Penseli, aliyeitwa Kidole kwa wembamba wake, alizirai hapo uwanjani mbele ya wenzake.

Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza shindano, Penseli hakulichukulia kama mchezo. Wanafunzi walitakiwa kubuni kazi ya sanaa ya kujengwa uwanjani, kazi ambayo mtu anaweza kuingia ndani yake na kupata kivuli. Shule ya kwanza kwenye orodha ingejengewa. Mwalimu wa sanaa alileta kitabu cha picha za wasanii wa siku hizi. Mmoja alisuka paa kwa vikombe vya bati. Mwingine alisimamisha ngazi mia moja zisizofika popote. Mwalimu akatoa sharti moja tu: watazame, kisha wafunge kitabu.

Penseli hakukifunga. Wenzake walipotoka mapumziko, aliweka karatasi ya mafuta juu ya picha ya vikombe, akaufuata kila mstari. Alimfikiria Kidole, akaukabidhi mchoro kama kazi yake mwenyewe. Wiki mbili baadaye jina la shule yao lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Mwalimu, ambaye hakuikumbuka picha ya kitabuni, alimpelekea shangazi ule mchoro amsaidie kuukagua. Shangazi aliutazama huku miwani yake ya kuchomelea ikiwa imepandishwa kwenye paji la uso.

"Hivi vikombe vinashikwa na nini?"

Penseli akasema ni waya.

"Waya unafungwa wapi? Lori likipita pale barabarani, upepo wake unakwenda wapi?"

Penseli hakujua. Alitazama miguu yake, na shangazi, ambaye hakuzaliwa jana, akaelewa. Hakumgombeza. Alimrudishia karatasi akasema, "Huyo alikuwa na vikombe, mwanangu. Wewe una nini?"

Swali hilo lilimkaa Penseli kooni kama mwiba wa samaki. Jioni ile alikaa pale pale alipokaa kila siku, akainamisha macho, na chini yake ikawa ile X.

Siku tatu alikata maboksi. Alitengeneza milango midogo, akailaza juu ya njiti ikawa paa. Alikipeleka kijengo chake ukingoni mwa barabara, na lori la kwanza likakiangusha. La pili nalo vilevile. Akaacha nafasi ya vidole viwili kati ya mlango na mlango ili upepo upite, akainamisha mguu mmoja kuelekea upepo unakotoka. Lori la tatu likapita, kijengo kikabaki kimesimama.

Ijumaa alikuja shuleni ofisa wa mipango miji na faili lake. Penseli akampa mchoro mpya. Ofisa alizitazama X kwa muda, akaurudisha, akasema milango haikuombwa na wageni wa ufunguzi wa barabara hawatapenda kuona alama zile. Kilichopita ni vikombe. Akamsogezea fomu na kalamu.

"Tia sahihi tu hapa kwamba mchoro wa vikombe ni wako. Mwezi ujao mtakaa kivulini."

Nje ya dirisha, Kidole na wenzake walikuwa wamejifunika madaftari vichwani. Penseli aliishika kalamu. Alijaribu kuona mahali waya unapofungwa, hakuona kitu. Akairudisha kalamu mezani.

"Si wangu. Niliufuatisha kitabuni."

Ofisa akafunga faili. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. Orodha ilikuwa na shule nyingine. Mwalimu alimwambia Penseli kwamba amefanya kosa na amelisema, akaishia hapo.

Darasa halikuishia hapo. Rafiki yake wa dawati moja, ambaye wote walimwita Redio, alimwuliza, "Sasa huo ukweli wako tutajifunika nao kichwani?" Wengine wakacheka.

Jumamosi yeye na shangazi walipita chumba hadi chumba kuomba milango. Wengi walikataa. Wengine walisema wataihitaji watakapojenga tena. Walisema hivyo wakitazama pembeni. Walioitoa walikuwa saba, shangazi akiwa mmoja wao. Shangazi alichomelea miguu kwa vyuma chakavu, na mwalimu akachimba mashimo. Redio alikuja kushika ngazi akidai amepotea njia.

Kivuli kiliwatosha watoto ishirini kati ya tisini. Walikaa kwa zamu, na Kidole aliinama kuhesabu mistari ya jua iliyopenya kati ya milango. Wiki haikuisha, ikaja barua ya halmashauri: jengo halina kibali, liondolewe kabla ya ufunguzi wa barabara.

Shangazi alisoma barua mara mbili, akaketi chini ya mlango wake mwenyewe.

"Miaka minne iliyopita walituletea mchoro wa barabara," alisema. "Ulikuwa mzuri, una miti. Wakasema tieni sahihi, tukatia. Hakuna aliyeuliza ule mstari mwekundu unapita wapi. Ulipita jikoni kwangu. Kwa hiyo shika hili, na uwaambie wenzako: usitie sahihi mchoro usioweza kuueleza, uwe wako, uwe wa msanii mkubwa, uwe wa serikali. Kutazama kazi ya mtu si kosa. Kosa ni kubeba jibu lake ukaliacha swali."

"Na hili watalibomoa?"

"Watalibomoa."

Lori likapita barabarani. Upepo ukapenya kati ya milango, paa likatulia.

"Mchoro umeuchora mwenyewe?" shangazi akauliza.

"Mwenyewe."

"Basi wakibomoa, utaweza kuuchora tena."