Dereva Aliyekataa Mkate

"Ketu, ingia garini. Mwenzio anachoma mafuta bure."

"Siingii."

"Lifti mpaka Bishkek, hatutoi hata ndururu! Umewahi kusikia habari tamu kama hiyo?"

"Nimeisikia sana, Mihir. Tangu Almaty unaniimbia 'bure, bure'. Masikio yamechoka."

Haya yalikuwa yakitokea asubuhi kweupe uani kwa Saikal, mama anayelaza wageni, hapa hapa kwetu Karakol, karibu na ziwa, mbali sana na Bishkek, mji wetu mkuu. Mimi ni jirani yake, tunatenganishwa na ukuta wa udongo tu, na nilikuwa nimekuja kurudisha sufuria. Sufuria nilishairudisha. Nilibaki kwa ajili ya chai, na kwa sababu mambo yalikuwa yamenoga.

Wenyewe ni vijana wawili wa Pune, Uhindini, wachumba waliokwisha kutambulishwa kwa wazazi pande zote mbili. Wanazunguka nchi za watu, begi mgongoni na mfuko mwembamba. Ketaki, ambaye Mihir humwita Ketu, alisoma Kirusi chuoni, lugha tunayoijua hapa, ndiyo maana kwa siku chache tu alishageuka mtoto wa nyumba: anakata vitunguu, anatupa umbea wa Pune, anapokea wetu. Walipogombana kwa lugha yao, baadaye nilimuuliza neno kwa neno, naye akanipa. Sikuona haya.

Mihir yeye ana ukurasa mtandaoni, ameuita "Dunia kwa Mfuko Mtupu". Wafuasi wake kazi yao kumshangilia: leo kalala stendi, leo kala mkate mkavu, leo kapanda lori la viazi. Na huyo dereva kwenye gari jeupe nje ya geti, jina lake Kanybek, Mihir alimwokota jana sokoni, kwenye meza ya tambi baridi za pilipili, wakaelewana kwa ishara.

"Unamjua wapi huyu mtu?" Ketaki akamuuliza.

"Tumekula meza moja."

"Basi hata nzi mmekula naye meza moja. Anaishi wapi?"

"Ketu, usianze."

"Anaenda Bishkek kufanya nini? Kwa nini anatubeba bure, wakati dereva mwingine hapa haondoki mpaka ajaze viti vyote?"

"Kwa sababu duniani kuna watu wema! Wewe kila mtu kwako mwizi. Unasafiri kama bibi yangu."

"Bibi yako yu hai, ana miaka themanini. Nafikiri anajua kitu."

Saikal akacheka mpaka akaegemea nguzo, ingawa hakuelewa hata nusu. Sauti ya mwanamke aliyechoka haihitaji mkalimani.

Begi la Mihir lilikwisha kuingia kwenye buti. La Ketaki lilikuwa bado mgongoni kwake, na mikanda yake ameishika kwa mikono miwili kama aliyeshika hatamu.

Hapo Saikal akatoka jikoni na mkate mzima kwenye kitambaa safi.

Kwetu hakuna anayetoka mlangoni kuanza safari bila kuonja mkate. Si kushiba wala si kukaa. Unamega chembe, unatia mdomoni, basi. Hata anayekimbilia mazishi atamega. Na ukishamega, wewe na nyumba ile mmefungana. Huwezi kuwadhuru watu wake kisha ukapata usingizi.

Ketaki akamega. Mihir naye akamega, huku anajirekodi. Nami nikamega, ingawa nilikuwa sisafiri kokote. Saikal akaenda hadi kwenye dirisha la gari.

"Mwanangu, onja mkate."

"Asante, apa. Nimeshiba," Kanybek akajibu. Apa ndivyo tunavyowaita mama zetu, basi tukasema angalau adabu anayo.

"Sijaliuliza tumbo lako. Onja."

"Nina haraka, apa. Njia ndefu."

"Chembe inachukua muda gani? Haya, nakumegea mwenyewe, fungua mkono."

Yule kijana akatazama mbele kama vile barabara imemwita. Kisha akapandisha kioo.

Saikal alibaki amesimama na ile chembe vidoleni. Akarudi uani taratibu, rangi imemtoka.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Umewahi kuona?"

"Tangu nizaliwe, sijaona."

"Ketaki, binti yangu, hupandi gari lile. Huyo kakataa mkate wangu mara tatu. Mtu wa kwetu anayekataa mkate mlangoni ana jambo hataki mkate umzuie."

Ketaki akamgeukia mchumba wake, akamtafsiria. Mihir akaangua kicheko.

"Kuna watu ngano inawasumbua tumbo, Ketu! Nikose lifti kwa sababu ya tumbo la mtu?"

"Toa begi lako kwenye buti."

"Siwezi. Nimeshawaambia watu leo tunavuka nchi bila kulipa. Wanasubiri."

"Watu gani? Mimi ndiye mtu wako!"

"Usipige kelele, tunatazamwa."

Ni kweli, tulikuwa tunatazama. Nilikuwa nimeshajimiminia kikombe cha pili.

Ketaki hakubishana tena. Alisogea getini, akaipiga picha namba ya gari, akaituma kwa dada yake Mihir, anaitwa Sayali. Ni desturi yake binti huyu: kila anachopanda, mtu wa nyumbani ajue. Chini ya picha akaandika, akimwita tai, yaani dada mkubwa kwa lugha yao: "Tai, Mihir anataka tupande gari hili kwenda Bishkek. Dereva hatumjui. Tukikaa kimya mpaka jioni, anzia kwenye namba hii."

Jibu likaja hata simu haijarudi mfukoni.

"Gari la nani? Kwa nini la mtu msiyemjua?"

Kisha jingine.

"Na ile pesa?"

Ketaki akakunja uso. Akaandika: "Pesa gani, tai?"

Simu ikaita. Ketaki akaweka spika, sijui kwa hasira au kwa bahati mbaya. Sauti ya Sayali ikajaa uani.

"Ketaki, nikuulize. Mnalala wapi huko?"

"Hapa Karakol pazuri, tai. Kwa mama mmoja mzuri sana."

"Na kabla ya hapo?"

"Almaty tulilala stendi ya mabasi. Kule Kegen, kabla ya mpaka, chumba kilikuwa hakina kitasa. Nililiegemeza begi mlangoni, nikakesha nimeshika kijiko cha chuma."

Tukasikia kiti kikisogezwa upande wa Sayali.

"Tai?"

"Kijiko?" Sayali akasema polepole. "Ketaki, mimi nilimtumia Mihir pesa kabla hamjaondoka Pune. Nikamwambia, hii isiguswe kwa kitu kingine. Ni ya chumba chenye kufuli, na ya gari la maana mnapokuwa njia ngeni. Nikamwambia, ni ya usalama wa Ketaki. Hakukwambia?"

 Ketaki alikuwa anamtazama Mihir, na Mihir alikuwa anatazama ndala zake.

"Mpe simu huyo mjinga," Sayali akasema.

"Nakusikia, tai," Mihir akasema.

"Pesa iko wapi?"

"Ipo! Haki ya Mungu ipo yote. Sijagusa hata kidogo!"

Maskini, alidhani anajitetea. Aligeuka akamwonyesha Ketaki simu yake. "Tazama mwenyewe! Sijala hata senti. Ningeitumia halafu niwaambie watu nini? Kwamba dada yangu ananilipia vyumba? Ukurasa mzima ungekuwa uongo!"

"Kwa hiyo umeuweka ukurasa wako uwe mkweli," Ketaki akasema, "ukanidanganya mimi."

"Sikudanganya. Sikusema tu."

"Mihir, ungeila ile pesa ningesema mlafi, ningekusamehe. Wewe umeitazama ikikaa. Usiku ule ninakaa macho na kijiko mkononi, unakoroma, na ufunguo wa mlango uko kwenye simu yako. Asubuhi ukawaambia wafuasi wako 'tumelala kama wafalme'. Mfalme gani? Malkia wako alikuwa bawabu!"

"Ketu, lakini si hakuna kilichotokea?"

Ah, hapo! Hata mimi, niliposimuliwa baadaye, nilishika kichwa. Saikal alitaka Ketaki amtafsirie, nikamnyamazisha kwa mkono.

"Hakuna kilichotokea kwa sababu nilikuwa macho!" Ketaki akapaza sauti. "Wewe unahesabu siku ambazo hatukuibiwa ukasema ni ushujaa wako. Nimechoka kuogopa kwa niaba ya watu wawili!"

Kabla Mihir hajafungua mdomo, tukasikia injini ikinguruma. Gari jeupe liliruka kwenye kokoto, vumbi likatufunika, na lilipotulia hapakuwa na gari.

"Oya! Oya! Begi langu!"

Mihir alitimua mbio, ndala moja ikabaki getini. Mbwa wa mtaa mzima wakamsindikiza, na mmoja akatokomea na ile ndala. Akafika kwenye kona, akasimama, akashika magoti. Aliporudi alikuwa amebadilika rangi.

"Pasipoti," akasema.

"Ilikuwa wapi?" Ketaki akauliza, japo jibu alilijua.

"Kwenye begi. Mfuko wa juu."

Ketaki akagusa tumbo lake, juu ya shati. Ya kwake aliifunga kibindoni, kwenye kitambaa alichokishona mwenyewe, na Mihir alikuwa akimcheka kwa ajili hiyo kila wanapopiga picha.  Mguso ule ulimchapa kuliko fimbo.

Saikal akapiga simu polisi. Ile picha ya namba ya gari ndiyo kitu pekee tulichokuwa nacho mkononi, na yule afisa aliifurahia, akasema kuna wageni wengine wawili walipoteza mabegi yao kando ya ziwa kwa mtindo huo huo, na wao hawakushika namba. Lakini akawa mkweli.

"Gari tutalitafuta. Pasipoti msiisubiri. Kijana aende Bishkek, ubalozini kwao."

Mchana Saikal akatuwekea chakula. Mihir hakula. Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, ndala moja mguuni, mguu mwingine mtupu.

"Ketu."

"Kula."

"Nimekosa."

"Najua."

"Nitaufuta ule ukurasa. Sasa hivi, mbele yako."

"Usiufute kwa ajili yangu. Utakuja kunidai."

"Basi niambie nifanye nini. Nilitaka watu waone kuwa hata watoto wa watu wa kawaida wanaweza kuiona dunia. Nilitaka tujivunie."

"Dunia ningeiona vizuri zaidi kama ningekuwa nimelala," Ketaki akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika kweli, kwa sababu mwanamke akipiga kelele bado yuko ndani ya nyumba, akinong'ona, ameshatoka. "Umaskini wa safari siuogopi, Mihir. Nimekula mikate mikavu na wewe nikacheka. Nilidhani tunabana pamoja. Kumbe nilikuwa nabana peke yangu, wewe unaigiza."

"Nilikuwa nakupenda hata wakati ule."

"Inawezekana. Lakini ulinipenda kama mtu anavyopenda mandhari nzuri nyuma ya picha yake."

Mihir akalia. Si kilio cha kuonyesha watu, alilia kama mtoto aliyevunja kitu asichoweza kukiunga. Nilimwonea huruma, sitaficha. Saikal alimsukumia bakuli karibu.

"Unaniacha hapa?" akauliza.

"Hapana. Huna hati, huna begi, Kirusi hujui, na huna hata ndala mbili. Msafiri hamwachi mwenzake ugenini katika hali hiyo. Nitakufikisha ubalozini, nitakutafsiria, nitasubiri mpaka wakupe karatasi yako."

"Halafu?"

"Halafu mimi naelekea Osh. Kuna mama mmoja huko ndugu yake Saikal, ana chumba chenye kufuli. Wewe utarudi Pune, uwaeleze wazazi wako na wangu mwenyewe. Kwa mdomo wako. Usiniachie na hilo nilibebe."

"Na sisi?"

"Ninakueleza habari za sisi tangu asubuhi."

Jioni hiyo Sayali alituma ujumbe mrefu, akiomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Ketaki alimjibu kwa mstari mmoja, nilimwona akiuandika: "Tai, wewe utabaki dada yangu."

Kesho yake tukawasindikiza stendi, Saikal na mimi, na majirani wawili waliosikia habari wakaona si vizuri kukosa. Ketaki alichagua basi dogo lenye wanawake na watoto, akaipiga picha namba, akaituma. Akalipa viti viwili. Mihir, amevaa viatu vya marehemu mume wa Saikal, akasimama mlangoni mwa basi.

"Nikae wapi?"

"Popote penye nafasi."

Akakaa nyuma kabisa, kati ya gunia na mwanajeshi aliyesinzia. Ketaki akakaa mbele, pembeni ya bibi mmoja mwenye kilemba cheupe na kikapu cha mayai. Bibi zetu hawana subira. Basi halijawasha hata taa, alishamshika binti wa watu mkono.

"Mwanangu, yule kijana wa nyuma anakutazama tangu apande. Ni mumeo?"

Tulikuwa tumesimama chini ya dirisha, sote tukatega masikio.

Ketaki hakugeuka nyuma.

"Hapana, apa," akasema. "Ni mtu aliyepotelewa na begi. Namfikisha tu mjini."