Tundu Kwenye Wavu

Kila Jumapili mechi ikiisha, Zlatina alikuwa na kazi moja: kufungua nyavu za magoli, kuzikunja na kuzirudisha stoo. Kijijini kwao, kwenye milima ya Bulgaria, uwanja ulikuwa wa timu Jumapili tu. Siku nyingine ulikuwa wa mbuzi, waliopunguza nyasi bure, na mbuzi hatofautishi nyasi na kamba.

Jumapili moja aliharakia kuogelea mtoni na wenzake, akauacha wavu mmoja. Aliporudi Jumamosi alikuta tundu la kupita kichwa cha mbuzi. Kesho yake ilikuwa mechi ya mwisho ya ubingwa wa mkoa. Wakishinda, wanapanda daraja. Wakitoka sare, kombe linakwenda kwa wageni wao, Dolno Pole.

"Nyavu ziko sawa?" aliuliza mjomba wake Ognyan, nahodha wa timu. Magoti yalikuwa yamemchosha, na huo ulikuwa msimu wake wa mwisho.

"Tayari, mjomba," Zlatina akajibu. Aliona aibu kusema kweli. Akajifariji kwamba uwanja ni mkubwa, mpira hauwezi kupita pale pale penye tundu.

Ulipita pale pale. Dakika za mwisho, bila kwa bila, Ognyan aliachia shuti kali. Mpira ukaingia golini na kutokea ubavuni mwa wavu. Refa alikuwa mbali. Aliuona mpira uko nje, akaamuru kipa aanzishe. Kipa akaupiga upesi, na filimbi ya mwisho ikalia.

Watu wakamiminika uwanjani.

"Kipofu wewe!"

"Wamekuhonga nini, jibini au kondoo mzima?"

Refa, mwalimu mzee wa kijiji jirani, alirudi nyuma amekumbatia mpira. Mtu akamkaba ukosi. Zlatina hakuweza kuvumilia tena.

"Mwacheni! Ni mimi! Wavu una tundu, nililiona jana!" Akaupenyeza mkono wake tunduni mpaka begani.

Aliyekaba ukosi akaachia. "Tusamehe, mwalimu."

"Hata mimi nilipaswa kukagua nyavu," refa akasema kinyonge. "Lakini mpira ulishaanzishwa. Goli siwezi kulirudisha."

Walimkaribisha mezani pamoja na wageni, kama desturi, wakala pilipili hoho za kuchoma na jibini. Hakuna aliyeimba siku hiyo.

Ognyan alimkuta Zlatina nyuma ya goli, analia. Mjomba alikuwa amekuja na sindano na kamba.

"Umenikasirikia, mjomba?"

"Nimeumia, sikufichi. Lilikuwa goli langu la mwisho, na halitahesabiwa popote. Lakini kusahau wavu, nani hajawahi kusahau kitu? Ungeniambia jana, tungecheka, tukashona, yakaisha. Kilichotuponza ni ile 'tayari' yako. Ukikosea, mama, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Wakashona pamoja, ingawa msimu ulikuwa umekwisha.

"Tayari?" Ognyan akauliza.

Zlatina akapitisha vidole fundo kwa fundo, bila haraka.

"Bado, mjomba. Kuna moja hapa limelegea."